Koti Juu ya Chetezo

Siku mkuu wa chumba cha picha za eksirei alipokuja nyumbani kwetu Kikwajuni, tulikuwepo hawa: bibi yetu mzaa mama, amekaa kwenye jamvi karibu na mlango wa uani, kwa sababu hapo ndipo macho yake yanapopata mwanga kidogo, mdogo wangu wa kike, amelala kwenye kochi na mto chini ya miguu kama daktari alivyoamuru, mumewe, shemeji yangu, aliyefunga duka lake la vifaa vya umeme Darajani kabla ya adhuhuri, jambo asilolifanya hata siku za masika, mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, aliyetoka Tunguu anakosoma chuo, mgeni mwenyewe, mtu wa makamo, kichwani ana kofia niliyoutambua mshono wake tangu mlangoni, na mimi. Tulikuwa sita. Wa saba alikuwa tumboni, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumhesabu kwa sauti.

Kwetu mimba changa haisemwi. Mtu anaweza kukusifu kwa moyo safi kabisa na sifa ile ikakuharibia. Mdogo wangu alikuwa ameshapoteza mbili. Zote alizitangaza mapema kwa furaha, na zote zilitoka kabla hazijaonekana. Ilipoingia ya tatu, Bibi alirudisha mlango wa chumba, akatwambia sisi wawili, "Safari hii hata paka asijue." Shemeji mwenyewe aliambiwa baada yangu.

Ila kazi ya mdogo wangu ilikuwa haitaki siri hiyo. Anapiga picha za eksirei katika hospitali moja hapa mjini, na kanuni ya kule ni kinyume cha kanuni ya Bibi. Mwanamke akijijua tu ana mimba, anamwambia mkuu wake. Anapewa beji ya pili ya kuvaa tumboni, na kazi ya kuwashika watoto wasitikisike wakati wa picha wanapewa wengine. Maneno hayo yamebandikwa ukutani, na mdogo wangu aliyapita kila asubuhi, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote na buibui juu yake. Zamani alikuwa akiliacha koti kazini. Tangu mimba akawa anakuja nalo nyumbani, maana ndilo lililomsitiri mpaka mlangoni. Na kwenye mfuko wa kifuani wa koti lile ndiko ilikobanwa beji yake.

Beji yenyewe ni kijidude cha plastiki tu. Haimkingi mtu na kitu. Inapima mionzi iliyompata yule anayeivaa, na kila baada ya muda hukusanywa, ikapelekwa bara kusomwa, kisha majibu yakarudi.

Siri ilitoka asubuhi moja alipoona damu. Ilikuwa kidogo, lakini sisi tulishaijua damu hiyo. Daktari akamwamuru alale nyumbani, miguu juu. Mdogo wangu akampigia simu mkuu wake, akamweleza kila kitu huku analia, na yule bwana hakumgombeza. Alimwambia atahimiza majibu ya beji za miezi ile aliyokuwa na mimba, kisha watajua wanasimama wapi. Basi tukawa tunasubiri. Simu ikilia, sindano yangu inasimama.

Mimi nashona kofia, zile za viua, zinazotobolewa na kuzungushiwa uzi tundu kwa tundu. Nimefanya hivyo tangu nilipoacha skuli kidato cha pili. Baba alikuwa ameshatangulia, kisha mama akaugua titi, na hapo ndipo neno mionzi lilipoingia nyumbani kwetu. Walimvusha Dar es Salaam kutibiwa kwa mionzi, akarudi na ngozi ya kifua imebadilika rangi kama mkate uliokaa jikoni muda mrefu. Alipata miaka ya ziada kwa mionzi ile, na sisi tuliihesabu kuwa neema. Alipokufa, mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la sita na yule wa mwisho hata kujifunga viatu hajui. Nikakaa chini na Bibi, akanipa sindano. Mdogo wangu alipomaliza masomo na kusema anataka kazi ya mashine za picha, nilijua ameitoa wapi nia ile. Sikumzuia. Nilimshonea koti la kwanza kwa mkono wangu.

Basi mgeni alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa. Nikawaletea yeye na Bibi maji ya ndimu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. We ndiye unayemfungia mke mwenzangu chumba cha giza?"

Bibi huwaita wajukuu wake wa kike wake wenza, na yule wa kiume mumewe. Mgeni alicheka. "Chumba kina taa siku hizi, Bibi. Nimekuja na habari. Nimeona nisiseme kwa simu."

Shemeji alisimama. Nilimwona anavyojifuta viganja kwenye suruali.

"Majibu yamerudi," mgeni akasema. "Hamna kitu. Karibu na sifuri."

"Sifuri ndiyo nini?" Bibi akauliza.

"Ndiyo hamna, Bi mkubwa."

"Si useme hamna! Mnatupandisha roho kwa hesabu."

Shemeji alicheka, kisha akageuka kuangalia ukuta na mabega yake yakawa yanatikisika. Mdogo wangu alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilisema alhamdulillahi, nikakaa pale pale kwenye kizingiti cha jikoni. Yule wa mwisho ndiye aliyepata maneno. "Nliwaambia mimi! Nliwaambia kipimo kitatoka kidogo. Watu wanaogopa neno tu."

"Haya, mume wangu, umeshinda," Bibi akamwambia. "Nenda kalete makaa."

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi Bibi hufukiza. Nguo za Ijumaa zote za nyumba hupita juu ya udi, zikatandazwa kwenye tenga la vijiti lililopinduliwa juu ya chetezo. Macho yake yamekwenda lakini pua yake haijakwenda. Anajua nguo ya nani imeshiba moshi na ya nani bado. Na mgeni wa habari njema, kwake, hatoki nyumbani mkavu. Makaa yakaja, udi ukatiwa, mgeni akafukizwa kofia na kanzu huku anachekacheka kwa haya.

"Na lile koti la kazi," Bibi akasema. "Lete. Lile ndilo lenye kuhitaji zaidi. Linanuka madawa, na limepita mbele ya macho ya watu wangapi sijui."

Nikalitoa msumarini, nikalitandaza juu ya tenga kama nilivyolitandaza kila Alhamisi tangu lilipoanza kuja nyumbani. Moshi ukapanda katikati ya vifungo. Beji ilikuwa imelalia upande wa juu, plastiki yake inang'aa.

Mgeni alikuwa ameinua gilasi. Hakuifikisha mdomoni.

"Dada," akaniambia taratibu, "hiyo beji hubaki hapo hapo unapofukiza?"

"Naam. Imebanwa na pini, nachelea kuivunja nikiifungua fungua."

"Na zile zilizotangulia? Zile zilizokwenda bara?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameutoa mtandio usoni.

"Zote," akajibu yeye. "Zote zimelala hapa."

Mgeni aliinuka, akalitoa koti juu ya tenga mwenyewe, akaishika beji kwa vidole viwili kama anapima joto la mtoto. Kisha akatueleza. Alitueleza kwa upole, na ningependa angekuwa mkali. Ndani ya beji mna vipande vidogo mfano wa vijiwe. Mionzi ikipita, vijiwe vinaweka kumbukumbu. Ili waisome kumbukumbu ile, kule bara wanavipasha moto, na vikishapashwa vinaitoa yote, vinabaki vitupu kama vipya.

"Kwa hivyo moto ndio unaosoma," mdogo wetu wa mwisho akasema, "na moto ndio unaofuta."

"Moto wa kule ni mkali sana. Huu wa udi si kama ule. Pengine haukufuta kitu. Pengine umepunguza."

"Umepunguza kiasi gani?" Shemeji akauliza.

"Sijui."

Bibi aliuelekeza uso kwenye chetezo. "Nimemfanya nini mtoto?" akasema.

"Hujamfanya kitu, Bibi," nikamwambia. "Moshi haukumdhuru. Umekigusa kipimo tu."

"Nimefahamu. Palikuwa na shahidi mmoja, nami nikamziba mdomo." Akamwaga maji ya ndimu yaliyobaki kwenye gilasi yake juu ya makaa. Yakalia, yakazimika.

Tangu siku ile udi haukuwashwa nyumbani kwetu. Sikuwahi kujua nyumba yetu ina harufu gani chini ya udi. Ina harufu ya chokaa mbichi na ya mafuta ya taa ya zamani. Nguo za Ijumaa zilivaliwa hivyo hivyo, bila moshi.

Kilichonitesa hakikuwa mtoto kuumia. Kama angeumia ningejua la kufanya, mimi nimeuguza. Kilichonitesa ni kwamba hapakuwa na kitu cha kushika. Nilikuwa nikikaa na kofia mkononi, macho yangu yakielekea tumbo la mdogo wangu, nikijiuliza ni siku gani. Ile siku aliyomshika mtoto wa Makunduchi aliyevunjika mkono, mama yake hawezi kumtuliza? Ile siku ya ajali, walipopanga foleni hadi nje? Mdogo wangu alivaa aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, siku zote hizo, ameniapia. Nilimwamini. Nikaendelea kujiuliza.

Mdogo wetu wa mwisho alikuja kila mwisho wa juma na simu yake imejaa makala. Alitusomea kwa nia njema. Kumbe wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mionzi mingi inadhuru, hilo hakuna anayelibisha. Ubishi upo kwenye mionzi kidogo. Wako wanaosema kila tone lina madhara yake, dogo kwa kadiri ya udogo wake, na matone hujumlishwa. Wako wanaosema mwili unajirekebisha, kwamba pana kiwango ambacho chini yake hakuna lolote, na kwamba sheria za kuogopa kila tone zinawagharimu watu bure na kuwatia hofu. Na sababu ya kutokubaliana ni kwamba madhara yenyewe, kama yapo, ni madogo mno kuonekana.

"Ni kama umwage kikombe cha chumvi baharini pale Forodhani," akasema, "halafu umwambie mtu aonje, aseme kama imezidi."

"Sasa wewe uko upande gani?" nikamuuliza.

"Mimi naona tunahangaika bure, dada. Hata ndizi zina mionzi. Hata sisi tuliokaa hapa tunatoa mionzi."

"Basi sogea kule," Bibi akamwambia, "usimtolee mke mwenzangu."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Kisha Bibi akasema, bila kucheka, "Mimi nimeshona kofia tangu sijavunja ungo. Nitajie ni kofia ipi iliyonila macho."

"Huenda si kofia, Bibi. Huenda ni uzee tu."

"Huenda. Lakini ukimkuta dada yako anashona gizani unafanyaje?"

"Namwashia taa."

"Kwa nini? Kofia moja ya gizani ina nini?"

Alifikiri kidogo. Ni mtoto mwenye akili, na hajibu kwa kushindana tu. "Namwashia taa kwa sababu taa ipo, Bibi. Lakini simwambii aache kushona. Akiacha, mimi Tunguu nitasoma kwa pesa gani?"

Nilitia uzi kwenye sindano.

Adhuhuri ya siku ya pili yake, nikiwa juu ya msala, niliweka nadhiri. Nilisema kwa sauti, na Bibi alikuwa nyuma yangu akisikia: Mwenyezi Mungu akimwepusha mtoto huyu na madhara ya mionzi ile, nitafunga mwezi. Nilipokunja msala, Bibi aliniita kwa jina langu, jambo asilolifanya ila akiwa ameudhika.

"Nadhiri si maneno ya kujiliwaza. Ukishasema, unadaiwa."

"Najua, Bibi."

"Hujui. Ungejua ungesema mtoto akizaliwa. Umesema akiepushwa. Utamuuliza nani kama ameepushwa?"

Sikumfahamu siku ile, au sikutaka kumfahamu.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa mionzi kutoka bara, maana mkuu alikuwa ameripoti mwenyewe habari ya beji. Mdogo wangu aliitwa kuhojiwa, na kwa kuwa shemeji hakuweza kukaa hospitalini bila kutetemeka, nilikwenda naye mimi. Tulipita vichochoro vya Mji Mkongwe polepole, yeye ameshika mkono wangu na mimi nikitangulia kwenye ngazi, kama nilivyokuwa nikimpeleka skuli. Safari hii hakuvaa koti chini ya buibui. Tumbo lilikuwa mbele ya kila mtu. Mwanamke mmoja aliyekaa barazani alilitazama akasema mashaallah, na nilimhisi mdogo wangu akinibana vidole.

Mkaguzi alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, kilemba chake kimefungwa vizuri, anazungumza Kiswahili cha bara cha haraka haraka. Tulikaa ofisini kwa mkuu, chumba kinachopakana na kile chenye alama ya njano mlangoni. Aliuliza mengi. Beji inabanwa wapi? Kwa nini ubao wa kutundikia beji uko mtupu? Nani mwingine anaondoka na yake? Mkuu alijibu yote na hakujificha. Kisha mkaguzi akatoa hesabu. Alikuwa amechukua idadi ya picha zilizopigwa miezi ile, akachukua beji za wenzake mdogo wangu waliofanya zamu pamoja naye, ambazo hazikuwahi kuona udi, akakadiria.

"Hata nikichukulia kuwa beji yake ilifutwa yote," akasema, "makadirio yangu yako chini ya kikomo cha mtoto aliye tumboni. Chini kwa mbali."

Mkuu alipumua. "Ndicho nilichowaambia."

"Waambie kikomo hakijavukwa. Ni sawa. Usiwaambie hakuna kitu."

"Mwanangu, nimo humu tangu hujazaliwa. Wanangu wanne, mama yao alikuwa akifanya kazi chumba hiki hiki, na kuta zenyewe wakati ule zilikuwa hazijatiwa risasi vizuri. Wote wazima."

"Namshukuru Mungu kwa hao wanne. Lakini wanne ni wachache, hawawezi kunionesha kitu ninachokitafuta."

"Na hofu je? Juzi mama mmoja amekataa mwanawe apigwe picha ya kifua. Amesikia habari hii ya beji sokoni. Mtoto anakohoa mpaka anazimia. Hofu hiyo nani anaipima? Mnaweka sheria kwa ajili ya madhara msiyoweza kuyaonesha, na madhara ninayoyaona mimi kwa macho hayamo kwenye sheria."

Mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye hesabu. "Huyo mama umemfuata?"

"Nimemfuata hadi kwao. Amekubali, kesho atakuja."

"Basi hiyo nayo ni kazi yetu. Lakini ubao wa beji utundikwe beji."

Walitazamana. Nilihisi wamewahi kubishana hivi, na watabishana tena, na kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mjinga wala mbaya. Hilo ndilo lililonitisha. Kama mmoja angekuwa mwongo ningemshika mwingine.

Nikasema, "Samahani. Mimi si msomi. Mtoto yuko chini ya kikomo. Ndiyo kusema yuko salama?"

Mkaguzi alinigeukia kabisa, akaweka kalamu. "Dada, kikomo si ukuta, kwamba huku salama na kule hatari. Watu walikaa wakakubaliana kukiweka mahali ambapo hatari, kama ipo, ni ndogo sana kuliko hatari nyingine za ujauzito. Mimi ningekuwa na mimba hii ningelala usingizi."

"Ungelala kweli?"

Akatabasamu kidogo. "Ningejaribu."

Mkuu akacheka, mdogo wangu naye akacheka, akiwa na mkono juu ya tumbo. Akapewa beji mpya mbili na kazi ya mapokezi mpaka atakapojifungua. Beji moja aliibana kifuani na nyingine tumboni, juu ya nguo, mbele ya wenzake wote. Jioni alipotoka alizitundika ubaoni. Alirudi nyumbani bila koti na bila kitu cha kumficha.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti. Wakunga walimpima, wakamgeuza, wakamrudisha. Vidole vyake nilivitazama mwenyewe. Mkuu alituma samaki mzima mrefu kama mkono, na shemeji alicheza ngoma ya peke yake pale uani mpaka Bibi akamwambia aone haya.

Siku ya arubaini ilipofika wanawake walijaa ukumbini. Mtoto alikuwa anyolewe, afukizwe, kisha atolewe nje. Kila kitu kilikuwa tayari ila chetezo. Bibi alikaa kwenye jamvi lake, mikono mapajani, akasema kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri wengine wafukize, au wasifukize kabisa, siku hizi si lazima. Wanawake wakatazamana. Walijua nyumba yetu kwa udi wake.

Mdogo wangu aliinuka kutoka kitandani. Alikwenda jikoni mwenyewe, akakitoa chetezo nyuma ya magunia, akakifuta majivu, akatia makaa. Akakiweka mbele ya Bibi. Kisha akamweka mtoto mapajani mwa Bibi.

"Mfukizie mke mwenzio," akamwambia. "Huyu hana beji."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho. Mkono wake ulitafuta kijaluba cha udi nikamsogezea. Moshi ulipopanda alimpitisha mtoto juu yake kwa mbali, mbali sana kuliko alivyotupitisha sisi, akimgusagusa mgongo kwa kiganja kila mara kuhakikisha hapati joto.

Baada ya hapo nikawa na jambo langu. Mtoto anaonekana mzima, basi nadhiri imewajibika? Nilimuuliza mdogo wetu wa mwisho kwa upande wa elimu yake. Alifikiri sana, kisha akasema ukweli: kama pana madhara yoyote, na yeye anaamini hapana, yanaweza kuja mtu akishakuwa mkubwa. Na hata yakija, hakuna atakayeweza kusema ni ya mionzi ile au ni maradhi tu kama ya watu wote. "Hutojua, dada. Si leo tu. Hutojua."

Nikaenda kwa mwalimu anayetusomesha darsa la wanawake. Nilimweleza yote, kuanzia koti. Alinisikiliza, akaniuliza kwa nini nilijifunga kwa jambo ambalo kiumbe hawezi kuliona. Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa, sikuwa na jingine la kuombea. Kisha akasema, "Penye shaka mtu huchukua lililo na hadhari. Anza kulipa. Usingoje yakini, haitakuja."

Kwa hivyo nimeanza. Sikusema mfululizo, kwa hivyo nafunga nikiweza, siku za kofia chache, siku ambazo jua si kali. Bibi huniuliza, "Leo umo?" Nikiwemo, hujizuia asile mbele yangu, ingawa nimemwambia hainidhuru. Nikiwa simo, hunitazama kwa yale macho yake yasiyoniona na kusema, "Deni halilali, mke mwenzangu."

Najua. Na najua pia kwa nini nakwenda pole. Siku nitakayofungua saumu ya mwisho nitakuwa nimesema kwa kinywa changu kwamba mtoto huyu ameepushwa. Mkuu angesema hivyo leo, bila wasiwasi. Mkaguzi hangesema. Mimi nimekaa baina yao, na sindano yangu.

Sasa mtoto anatambaa. Amefika kwenye kapu langu la nyuzi, amekamata kofia niliyoianza asubuhi, anaitazama mwanga ukipita kwenye vitundu. Mama yake yuko kazini, amerudi kwenye mashine, na beji yake jioni itatundikwa ubaoni. Bibi anaita kutoka jamvini kuuliza kama adhana imekaribia, maana anataka kunitilia tende. Nimemwambia bado. Leo nimo, na hata leo ikishahesabiwa, bado nitadaiwa siku nyingine.